Kununua spinaka iliyotumika na kuifunga kwenye boti ndogo

Kabla hujatoa hela pima kwanza boti yako, chukua urefu wa ule waya wa mbele unaotoka omo, yaani mbele ya boti, kupanda mlingotini, maana ubavu wa mbele wa spinaka, lile tanga jepesi la mbele la kwenda na upepo wa nyuma, unatakiwa ukaribiane na huo urefu, ukizidi sana tanga halikazi hata uvute jarari, kamba ya kupandishia tanga, mpaka mwisho. Usiamini kilichoandikwa kwenye mfuko, litandaze upime mwenyewe.

Halafu liinue juani. Vitundu vidogo vitang'aa kama nyota, hivyo unaziba kwa tepu ya nailoni na maisha yanaendelea. Shida ni kitambaa kilichochoka: kishike kwa vidole gumba viwili uvute, kikichanika kama karatasi achana nalo hata kama ni la bure. Mimi huwa naganda sana kwenye zile kona tatu, ukikwaruza mshono kwa kucha uzi ukakatika ujue jua limeshaula.

Kufunga sasa. Jarari ipite kwenye kapi lililo juu ya ule waya, kwa mbele yake, kona ya chini ya mbele ifunge omo kwa kamba unayoweza kulegeza, na kamba mbili za kona ya nyuma ya tanga zipite nje ya kila kitu, nyaya za pembeni pia, hadi makapi ya tezi, yaani nyuma ya boti. Mara ya kwanza subiri upepo mwepesi, noti (maili za baharini kwa saa) 6 hadi 8 hivi. Kushusha, geuza boti ufuate upepo ili tanga kubwa la mlingotini liikinge spinaka na upepo, legeza kona ya omo, kusanya kitambaa haraka kabla hakijagusa maji.