Kabla ya kuvuka Afrika kwa nchi kavu: anza na mvua, mipaka baadaye

Afrika ina eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 30. Kutoka ncha yake ya kaskazini huko Tunisia hadi Rasi ya Agulhas, Afrika Kusini, ni kama kilomita 8,000 kwa mstari ulionyooka, na barabara hazinyooki. Anayepanga kuivuka kwa basi, kwa treni au kwa gari lake mwenyewe kwa kawaida huanza kwa kuhesabu nchi atakazopita na viza atakazohitaji. Mimi namshauri aanze na mvua. Viza ikichelewa utaisubiri mjini. Barabara ikikatwa na maji utaisubiri porini.

Utaratibu wa mvua wenyewe si mgumu kuukumbuka. Jua linapokuwa la utosi, hewa hupata joto na kupanda, pepo zenye unyevu kutoka kaskazini na kusini hukutana hapo, na mvua hunyesha. Ukanda huo wa mvua hulifuata jua, ukichelewa nyuma yake kwa wiki kadhaa. Katikati ya mwaka huwa kaskazini ya ikweta. Mwaka unapokwisha na mwingine unapoanza huwa kusini. Ndiyo maana Saheli, ukanda ulio kusini tu ya Sahara kuanzia Senegali hadi Sudani, hupata mvua zake Juni hadi Septemba, wakati Zambia, Zimbabwe na sehemu kubwa ya Malawi ni kavu. Nchi hizo za kusini nazo hunyeshewa kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, wakati Saheli haioni tone. Maeneo ya karibu na ikweta hupitiwa na ukanda huo mara mbili, ukienda na ukirudi, na hivyo sehemu kubwa ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania zina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kwenye ncha mbili za bara mambo hugeuka: Algiers na Tunis kwa upande mmoja, Cape Town kwa upande mwingine, hupata mvua majira yao ya baridi. Johannesburg hunyeshewa Oktoba hadi Machi, Cape Town Mei hadi Agosti, na ni nchi moja.

Kwa hiyo usitafute "mwezi mzuri wa kutembelea Afrika". Haupo. Kinachowezekana ni kuupanga mwelekeo wa safari ili uwe unahama pamoja na kiangazi. Anayeanzia kusini mwezi Juni, akapita Zambia na Tanzania Julai na Agosti, akamaliza Kenya Septemba na kuingia nyanda za juu za Ethiopia kuanzia Oktoba, atakuwa kwenye ardhi kavu karibu njia nzima. Akiigeuza safari hiyohiyo, aanzie Ethiopia mwishoni mwa Januari, masika yatamkuta Tanzania. Umbali ni uleule, gharama ni ileile, ila siku atakazopoteza njiani hazifanani hata kidogo. Afrika Magharibi nayo ni nzuri kupitika Novemba hadi Februari, lakini jiandae na hamatani, upepo mkavu wa kutoka Sahara unaojaza vumbi angani hadi jua lififie. Mwenye pumu aende na dawa za kutosha kwa safari nzima.

Bonde la Kongo halimo katika hesabu hiyo. Ikweta inapita katikati yake, hivyo kila mwezi kuna upande fulani unaonyeshewa, na ndiyo maana mto wenyewe haupungui sana kama mito mingine. Huko barabara za udongo msituni si za kutegemewa, na njia kuu ya watu na mizigo ni maji: Mto Kongo unapitika kwa vyombo kwa takriban kilomita 1,700, kutoka Kinshasa hadi Kisangani. Safari ya boti za mizigo hapo huhesabiwa kwa wiki. Chini ya Kinshasa mto unaingia kwenye maporomoko hadi Matadi, na kipande hicho hufanywa kwa reli au barabara. Ukitazama ramani utaona mito mingine ya Afrika ina tabia hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya bara ni uwanda ulioinuka na mito hushuka kwa ghafla inapokaribia pwani. Usidhani kwamba mto mpana kwenye ramani utakuingiza bara kutoka baharini.

Jambo la mito linastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana hapa ndipo watu wengi hukosea hata baada ya kuzisoma mvua vizuri. Mto hubeba mvua ya mahali pengine. Delta ya Okavango huko Botswana hufurika kati ya Juni na Agosti, katikati ya kiangazi, kwa kuwa maji yake yalinyesha miezi kadhaa nyuma kwenye nyanda za juu za Angola na yakasafiri polepole juu ya ardhi tambarare. Mto Niger unaanzia Gine, si mbali na Bahari ya Atlantiki, lakini unaipa bahari kisogo na kwenda kaskazini hadi ukingo wa Sahara kabla ya kugeuka. Mafuriko kutoka Gine hufika Niamey mvua za hapo zikiwa zimekatika zamani, mwisho wa mwaka na mwanzo wa unaofuata. Kwa hiyo kabla ya kupanga kupita bondeni au kupiga hema kando ya mto, jiulize maji yake yanatoka wapi na yanafika lini.

Kisha andika orodha ya vivuko vyote vilivyo kwenye njia yako. Pantoni moja mbovu inaweza kuharibu ratiba kuliko mipaka mitatu. Hali imeboreka mahali pengi: daraja la Kazungula kati ya Zambia na Botswana lilifunguliwa mwaka 2021, mahali ambapo malori yalikuwa yakipanga foleni kwa siku nyingi kusubiri kuvushwa Mto Zambezi, na daraja la Mto Gambia huko Farafenni lilifunguliwa mwaka 2019. Lakini Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu miwili inayotazamana ng'ambo kwa ng'ambo, bado haina daraja kati yake. Ramani ya simu huchora njia juu ya maji kana kwamba kivuko kipo muda wote, kwa hiyo kila mstari unaokatiza mto uuthibitishe kwa mtu aliyeupita karibuni.

Baada ya maji, mwinuko. Kila unapopanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi sita hivi, na Afrika ya mashariki na kusini imeinuka sana kuliko ya magharibi na kaskazini. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu 1,800, Johannesburg 1,700 na zaidi. Lesotho yote iko juu. Sehemu yake ya chini kabisa ina mita 1,400, na theluji huanguka milimani kwake kuanzia Juni. Upande wa pili kuna Ziwa Assal huko Djibouti, mita 155 chini ya usawa wa bahari, mahali pa chini kuliko pote barani. Kutoka Asmara, yenye mita 2,300 hivi, hadi bandari ya Massawa ni kama kilomita 115 tu za barabara, na unashuka kutoka baridi ya kutaka koti hadi joto la pwani ya Bahari ya Shamu kwa saa chache. Mzigo wako, basi, usiufungashe kwa kufuata majina ya nchi. Ufungashe kwa kufuata mwinuko wa mahali utakapolala. Koti zito na blanketi si anasa katika safari inayopita ikweta.

Mwinuko huohuo unahusu malaria. Nyanda za juu sana huwa na mbu wachache wanaoieneza, lakini anayelala juu usiku mmoja na bondeni usiku wa pili hawezi kuacha chandarua wala dawa za kinga. Zungumza na daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa huanza kumezwa kabla ya kuondoka. Chanjo ya homa ya manjano nayo hutambuliwa kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa. Tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha yote. Nchi nyingi za Afrika ya Kati na Magharibi hukidai kwa kila anayeingia, na nyingine hukidai kwa anayetokea nchi zenye ugonjwa huo. Kibebe pamoja na pasipoti.

Pwani usizichukulie kama kitu kimoja. Debundscha, chini ya Mlima Kameruni, hupata mvua inayokaribia milimita 10,000 kwa mwaka. Swakopmund, Namibia, iko kando ya bahari ileile ya Atlantiki na karibu haipati mvua: mkondo baridi wa Benguela huipoza hewa, ukungu hutanda asubuhi, na jangwa la Namib linaishia majini.

Sasa ndipo ufike kwenye mipaka, na hapa swali la kwanza ni kama njia iko wazi. Vita vya Sudani vilivyoanza Aprili 2023 vimeikata barabara ya kale kati ya Misri na Ethiopia, na hakuna mchepuko rahisi. Wengi huruka kipande hicho kwa ndege. Mpaka wa nchi kavu kati ya Aljeria na Moroko umefungwa tangu 1994. Mali, Burkina Faso na Niger zilijitoa rasmi ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, Januari 2025, na maeneo makubwa ya Saheli ya kati hayana usalama kwa msafiri. Hapo sitamshauri mtu ajaribu bahati. Kwa upande wa pili, Rwanda, Benin, Gambia na Shelisheli huwapokea raia wa nchi zote za Afrika bila viza, na inafaa kuzitumia kama vituo vya kupumzika na kushughulikia karatasi za nchi zinazofuata.

Fedha zina jiografia yake. Faranga ya CFA ni sarafu mbili: ya nchi nane za magharibi, inayotolewa na benki kuu yenye makao Dakar, na ya nchi sita za Afrika ya Kati, yenye makao Yaoundé. Thamani yake kwa euro ni ileile, lakini noti za upande mmoja hazitumiki dukani upande wa pili, hivyo zimalize kabla ya kuvuka kutoka Benin kwenda Kameruni kupitia Nigeria. Randi hupokelewa Lesotho, Eswatini na Namibia. Noti za nchi hizo usizitegemee Afrika Kusini.

Mwenye gari akumbuke kwamba ukitoka Tanzania kuingia Rwanda, au Namibia kuingia Angola, unahama kutoka kushoto kwenda kulia. Ahakikishe pia bima yake inavuka mpaka: Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, hutumika mashariki na sehemu ya kusini, Kadi ya Kahawia ya ECOWAS magharibi. Anayetegemea treni ajue reli hazijaungana kama ramani inavyoonyesha. TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina upana wa milimita 1,067, reli ya zamani ya kati ya Tanzania milimita 1,000, na reli mpya za kisasa milimita 1,435, hivyo mabehewa ya moja hayaingii kwenye nyingine.

Mwisho, weka siku za akiba, na uziweke pale penye udongo na vivuko, si mijini. Kiswahili kitakufikisha hadi Lubumbashi, Kisangani na kaskazini mwa Msumbiji; mbele ya hapo utahitaji Kifaransa au Kireno cha kujieleza, na Kihausa kitakusaidia sana kutoka Niger hadi kaskazini mwa Nigeria. Katika kila stendi, kabla ya kukata tiketi ya kesho, mtafute dereva au utingo aliyeingia leo kutokea huko unakokwenda, umuulize alilala wapi, alivuka kwa chombo gani, na tope lilimfika wapi kwenye tairi.