Kabla ya Kupanda Mtandamboo Nyumbani Lubumbashi

Mtandamboo, ambao wataalamu wa mimea huuita Carissa spinarum na ambao vitabu vya zamani viliuandika Carissa edulis, ni kichaka cha asili chenye miiba mikali, maua meupe yanayonukia, na matunda madogo matamu ambayo huwa mekundu kwanza, kisha yakaiva kwa rangi ya zambarau iliyokoza. Kwa kuwa huota wenyewe porini, mara nyingi juu ya vichuguu, wengi hudhani kwamba kuupanda katika lupango, yaani kiwanja cha nyumbani, hakuhitaji matayarisho. Mimi naona kazi nzito yote hufanyika kabla jembe halijagusa udongo.

La kwanza, nalo halina mjadala, ni kuwa na hakika kwamba mche ulio mkononi ni mtandamboo. Uko mmea wa ukoo huohuo, uitwao Acokanthera, unaoota pia Katanga, eneo letu hili, ambao tangu kale wawindaji wa Afrika waliuchemsha kupata sumu ya mishale, kwa maana sumu yake husimamisha moyo. Mimea yote miwili ina majani magumu yaliyokaa mawili mawili, hutoa utomvu mweupe jani likivunjwa, huchanua maua meupe yenye harufu tamu, na huzaa matunda ya zambarau nyeusi. Tofauti iliyo rahisi kuiona ni miiba: mtandamboo unayo, Acokanthera haina. Niliwahi kuletewa mche ulioitwa mtandamboo. Nikapitisha kidole kwenye shina polepole, kutoka chini hadi jani la juu kabisa, na sikuchomwa hata mara moja. Sikuupanda. Miche michanga huweza kuwa na miiba michache, kwa hiyo njia ninayoiamini ni kuchuma mbegu mwenyewe kwenye kichaka mama ambacho umeona miiba yake, na ambacho wenyeji wa mahali hapo hula matunda yake kila mwaka.

Mbegu hizo hazipendi kuwekwa. Tunda likiiva, ondoa nyama yake, osha mbegu na uzipande mapema katika vifuko vya udongo, kwa sababu zikikaa muda mrefu hupoteza uwezo wa kuota.

Udongo wa mji wetu unastahili kufikiriwa zaidi kuliko wa miji mingine. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wake ulimwaga shaba, zinki, risasi, kadimi na aseniki, madini yenye sumu, juu ya ardhi, hasa upande wa kaskazini-magharibi ambako upepo hupeleka. Mwenye kiwanja upande huo asitegemee udongo alioukuta: ni bora atengeneze tuta lililoinuliwa, alijaze udongo ulioletwa kutoka mbali na kiwanda uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, na matunda yaoshwe daima kabla ya kuliwa, kwa sababu vumbi hutua juu yake. Ninasisitiza jambo hili kwa ajili ya watoto, ambao ndio wachumaji wa kwanza na ambao hutia mikono mdomoni bila kunawa. Udongo wa kichuguu ni mzuri, kwa kuwa una chokaa nyingi kuliko ardhi inayouzunguka, lakini nao pia uchimbwe mbali na moshi.

Kisha pima nafasi. Kichaka kikiachwa huweza kufika mita 5 kwa urefu, na matawi yake hutambaa. Usikipande karibu na mlango, kamba ya nguo wala mahali watoto wanapochezea mpira. Kikipandwa mpakani kama ua, mita moja au moja na nusu kati ya mche na mche inatosha, lakini zungumza na jirani kwanza, kwa sababu miiba itavuka upande wake.

Kuhusu majira, miche ihamishwe mvua zinapokuwa zimeshika, mwezi wa Novemba au Desemba, ili mizizi ishuke kabla ya Aprili. Kiangazi hudumu tangu Mei hadi Septemba, na mche wa mwaka wa kwanza bado hauwezi kujitegemea. Kama kisima cha nyumbani hukauka, au hakuna atakayebeba ndoo mara moja au mbili kwa wiki katika miezi hiyo, ahirisha upandaji mpaka msimu ujao.