Namna ya Kuuzoesha Moyo Kustahimili Madhara

Mwaka 1986, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliziba mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakauachia kwa dakika 5, wakarudia hivyo mara 4, kisha wakauziba kwa dakika 40 mfululizo. Msuli uliokufa ulikuwa takriban robo tu ya ule uliokufa kwa mbwa ambao hawakutayarishwa. Kinga hiyo hutoweka baada ya saa moja au mbili, lakini baadaye iligundulika kuwa hurejea baada ya saa 24 hivi na kudumu hadi siku 3, kwa kuwa seli zimekwisha kupata muda wa kutengeneza protini za ulinzi. Miongoni mwazo ni HSP70, ambayo hushika protini nyingine zinazoanza kupoteza umbo na kuzisaidia kujikunja upya kabla hazijagandamana.

Kwa mtu wa kawaida, njia salama ya kuupa moyo mzigo mdogo wa namna hiyo ni mazoezi. Tembea kwa haraka kiasi cha kuweza kuzungumza lakini usiweze kuimba, hadi utimize angalau dakika 150 kwa wiki. Wanaozikusanya zote Jumapili nao hufaidika, ila mimi ningezigawa katika siku 5, ili mwili usikae muda mrefu bila kichocheo. Anza polepole kwa dakika 5 hadi 10. Baadhi ya wagonjwa wanaoumwa kifua kwa sababu mishipa ya moyo imekuwa myembamba hugundua kwamba, wakipumzika kidogo, mwendo wa pili huwafikisha mbali zaidi bila maumivu. Hata hivyo, wao wasianze mazoezi kabla ya kumwona daktari.

Usijifunge mkono kwa kifaa cha kupimia shinikizo la damu, ukiubana na kuuachia kwa zamu, ukitarajia kinga hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 5,000 wa mshtuko wa moyo, haukuona kwamba kuubana mkono hivyo kulipunguza vifo vya moyo wala kulazwa hospitalini kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi. Sigara, msongo wa mawazo wa miezi na shinikizo la damu lisilotibiwa navyo si mazoezi ya moyo, maana haviupi nafasi ya kupumzika.

Ukihisi kifua kimebanwa, maumivu yakaenea mkononi au kwenye taya, au jasho jembamba likakutoka huku pumzi ikikatika, acha zoezi na uwahishwe hospitali papo hapo.