Animesheni ya mkono na ya simu: anza na mpira, karakta wako atangoja

Wasee wengi huku Kisumu wakitaka kuingia animesheni wanaanza na karakta, wanamchora wiki nzima, nywele, raba, kofia, hadi maandishi kwa tisheti, alafu siku ya kumtembeza ndio wanagundua hatembei, anateleza tu, miguu inapiga hewa. Na mchoro wenyewe ni msafi kabisa, shida iko kwa mwendo, juu mwendo ni uzito na muda na hizo mbili hazijali kama unajua kuchora macho. Duara tu inatosha kukufunza.

Tableti usinunue bado. Chukua karatasi za kawaida za fotokopi, kata kila A4 vipande vinne, zibane upande mmoja na klipu, tafuta penseli na rula, basi. Mchoro wa kwanza unakaa chini kabisa ya rundo alafu unapanda nao, ndio ukiweka karatasi mpya uone ile ya chini kidogo. Kama huoni poa, bandika kwa kioo cha dirisha mchana, ama usiku weka kioo juu ya vitabu viwili na balbu ya LED hapo chini (ile balbu ya zamani itapasha kioo moto, wachana nayo).

Sasa hesabu kidogo. Filamu inatembea fremu 24 (yaani picha 24) kwa sekunde, lakini usishtuke, kila mchoro unaweza kukaa fremu mbili kwa hivo unachora 12 kwa sekunde na jicho linakubali tu. Katuni nyingi sana zimechorwa hivo.

Mpira ukianguka haushuki sawasawa, kila mchoro unaenda mbali kuliko ule wa nyuma yake, na mpango wake ni 1, 3, 5, 7. Chora mstari wa chini, pima milimita 80 kwenda juu, weka mpira hapo. Mchoro unaofuata ushushe 5, halafu 15, halafu 25, halafu 35, umegonga chini. Hiyo ni theluthi ya sekunde, na ukiangusha kitu kweli kwa muda huo kinashuka nusu mita na kidogo, kwa hivo hizo milimita zako 80 ndio nusu mita. Unataka uanguke kutoka kwa paa la mabati, tuseme mita mbili na kitu? Basi michoro ni 8, sio 4, endelea na 9, 11, 13, 15 na upunguze vipimo vienee kwa karatasi. Kurudi juu ni ile ile kinyume ila nguvu imepungua, panda 25, 15, 5, halafu shuka 5, 15, 25, mdundo wa pili panda 15 na 5 peke yake. Ona vile juu michoro inasongamana na chini inaachana. Hapo ndio uzito unatoka, ukiweka nafasi sawa kila mahali mpira unaonekana umefungwa kwa waya.

Kubonyea ni mchoro mmoja tu, ule wa kugusa chini, na ukipanuka lazima ushuke urefu, usikubali uwe mkubwa kuliko ulivyokuwa. Hapo kabla na baada unaweza kuuvuta urefuke kidogo.

Alafu chora duara ile ile mara tatu: mpira wa juala na kamba (sijui watoto wa sahii wanashona na nini tangu juala zipigwe marufuku 2017), jiwe, na baluni. Wa juala unaruka kidogo na kufa. Jiwe halibonyei hata kidogo. Baluni inashuka polepole nafasi karibu sawa juu hewa inaibeba. Mtu akiangalia bila kuambiwa ajue ni gani, hapo umeshika, hajui, rudia.

Ukitoka kwa mpira nenda soko la Kibuye Jumapili, simama mahali hautasukumwa, angalia watu wa mkokoteni. Hapo kuna darasa zima la bure. Mkokoteni mtupu jamaa anaenda wima, anapiga stori, mikono imelegea. Ukijazwa magunia ya viazi, kwanza anarudi nyuma kidogo, anashusha kiuno, halafu analala mbele karibu aanguke, na gurudumu bado halijasonga! Mwili umeanza na mzigo bado. Huko kurudi nyuma kwanza ndio kujiandaa, moja ya zile kanuni 12 ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney waliziandika mwaka wa 1981, na kwangu mimi hiyo, muda, na ile ya kusongamanisha michoro mwanzo na mwisho wa mwendo ndio za kushika kwanza, hizo zingine zitakufuata. Angalia pia akisimamisha: miguu imekanyaga, kifua kinaegemea nyuma, mzigo unataka kuendelea. Chora watu wa vijiti tu, mara moja mtupu, mara moja umejaa. Bila uso. Ukiweka uso utaanza kupendezesha.

Kutembea kuna pozi nne kwa kila hatua: kisigino kikigusa, mwili ukishuka goti likikunjika, mguu mwingine ukipita, na mwili ukipanda kwa vidole. Hatua moja ni kama nusu sekunde, kwa hivo hatua mbili ni michoro 12 (hizo pozi nane na nne za katikati) na unaizungusha bila kikomo. Mkono wa kulia unaenda na mguu wa kushoto. Kichwa kinapanda na kushuka, isipokuwa mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani, hapo chora mstari wa ndoo kwanza karibu ulale kabisa, halafu magoti na kiuno ndio yameze ile pandashuka yote. Watu wa Nakuru mkichora flamingo, ile kitu inaonekana ni goti linalokunjika nyuma ni kifundo cha mguu, goti lenyewe limejificha huko juu kwa manyoya.

Sasa ndio uingie simu ama kompyuta. FlipaClip kwa simu inatosha kuanza, ya bure ina mipaka yake lakini sawa. Kwa laptopu Krita, Pencil2D, OpenToonz na Blender zote ni za bure. Weka fremu 12 kwa sekunde kabla hujagusa chochote, washa ile ya kuona mchoro wa nyuma kwa kivuli, na uache mmoja ama mbili tu, ukiwasha mitano unaona supu. Leya ya chini ni rafu, ya juu ni safi, na usisafishe kabla hujaicheza ukaona mwendo uko sawa. Kuna programu zinakujazia michoro ya katikati zenyewe, na ndio mtego, juu zingine zinajaza nafasi sawa usipozirekebisha, tunarudi kwa ule mpira wa waya. Ingia kwa grafu ya mwendo upinde ule mstari.

Mdomo ndio wa mwisho, na Kiswahili kinatupea nafuu: a, e, i, o, u, mdomo umefungwa wa m, b na p, na meno juu ya mdomo wa f na v. Maumbo saba, na mengi yamekwisha. "Mbona" ni kufunga, o, halafu a, hiyo n ipite tu. Funga mdomo fremu moja kabla ya sauti, zikienda pamoja kabisa huwa inaonekana imechelewa.