Kufundisha misingi ya sheria ya madhara kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza

Mwanafunzi anayeanguka katika somo la sheria ya madhara, yaani ile inayompa aliyedhurika na mwingine haki ya kudai fidia, mara nyingi kesi anazijua. Atakutajia majina na miaka bila kusita. Mpe mkasa mpya, utamwona anaruka moja kwa moja kutoka "huyu ameumia" hadi "yule alipe". Kati ya sentensi hizo mbili ndimo ilimo karibu sheria yote ya uzembe, na kazi ya mhadhiri ni kumzoeza mwanafunzi kupita hapo katikati hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja.

Mpango ulioelezwa hapa ni wa muhula wa wiki 12, kila wiki mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1, kwa vyuo vinavyofundisha mfumo wa sheria uliotokana na ule wa Uingereza. Wanaofundisha mfumo wa Ufaransa wataanzia penginepo, yaani kifungu cha 1240 cha Kanuni ya Madai, ambacho kabla ya mabadiliko ya 2016 kilikuwa namba 1382. Hata hivyo, wao pia watakutana na maswali ya kosa, hasara na uhusiano kati ya hivyo viwili.

Gawa muda kwa uzito wa mada

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya kuingia darasani: kila mada inapewa wiki yake moja, kana kwamba zote ni sawa. Uzembe unastahili nusu ya muhula. Wiki ya 1 iwe ya utangulizi, ya 2 wajibu wa uangalifu, ya 3 na ya 4 ukiukaji wa wajibu, ya 5 na ya 6 chanzo cha hasara, ya 7 hasara iliyo mbali mno pamoja na utetezi. Baada ya hapo wiki ya 8 fundisha dhima ya mwajiri kwa makosa ya mwajiriwa, ya 9 madhara ya makusudi dhidi ya mwili na uingiaji wa ardhi ya mtu, ya 10 kero na kanuni ya Rylands dhidi ya Fletcher (1868) kuhusu kitu cha hatari kinachotoka ardhini mwa mtu na kumdhuru mwingine, ya 11 kashfa, ya 12 fidia na marudio.

Hasara ya kifedha isiyotokana na jeraha wala uharibifu wa mali, pamoja na mshtuko wa akili, zisiguswe katika wiki ya 2 hata kama vitabu vingi vinaziweka hapo. Ni mahali ambapo mahakama zimebana wajibu kwa sababu maalumu. Mwanafunzi akianza na vizuizi kabla ya kanuni ya kawaida, ataandika kurasa tatu akijadili kama dereva ana wajibu kwa anayevuka barabara, jambo ambalo halibishaniwi na mtu. Ikiwa mtaala unalazimisha, zipe nusu ya mhadhara wa wiki ya 7.

Chagua mkasa mmoja utakaobeba muhula mzima

Kesi mpya kila wiki bila mkasa wa kudumu huwafanya wanafunzi waone mada kama visiwa. Andika mkasa mfupi, usiozidi sentensi tano, uwagawie siku ya kwanza. Kwa mfano: fundi umeme amesimamisha ngazi kwenye korido ya ofisi. Simu inaita, anashuka kwenda kuipokea, na bisibisi anaiacha kwenye kidato cha juu. Mhasibu anapita akisoma barua, bega lake linagusa ngazi, bisibisi inaanguka na kumchoma jicho.

Kila wiki badilisha jambo moja tu. Fundi alikuwa ameweka utepe wa tahadhari na mhasibu akauruka. Fundi alikuwa kazini kwa kampuni, au alikuja siku yake ya mapumziko kumfanyia rafiki kazi. Hospitali ilimtibu mhasibu vibaya na jicho la pili likapofuka. Mhasibu tayari alikuwa na jicho moja tu linaloona. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, darasa halitajua ni lipi lililogeuza jibu, na zoezi limeharibika.

Wiki ya kwanza tumia mkasa huohuo kutenganisha madhara, jinai na mkataba. Uliza maswali matatu: ni nani anayepeleka shauri mahakamani, anataka nini, na wajibu uliovunjwa ulitoka wapi? Kwenye jinai dola ndiyo inayoshtaki na kutaka adhabu, na lazima ithibitishe pasipo kuacha shaka ya maana. Kwenye madhara aliyeumia anadai fidia, na inamtosha kuonyesha kwamba anachodai kina uwezekano mkubwa zaidi kuliko kinyume chake. Mkataba una wajibu uliotoka kwenye makubaliano ya pande mbili. Mhasibu na fundi hawakuwahi kukubaliana chochote.

Wajibu wa uangalifu: soma kesi moja vizuri

Wiki ya 2 usitaje kesi kumi. Chukua Donoghue dhidi ya Stevenson, uamuzi wa 1932, na wasomeshe kwa dakika 60. Anza na tukio: Agosti 1928, mjini Paisley huko Uskoti, rafiki alimnunulia Bi Donoghue kinywaji cha tangawizi kwenye chupa isiyopitisha mwanga. Alidai kwamba baada ya kunywa kiasi, mabaki ya konokono aliyeoza yalitoka chupani na yeye akaugua. Kabla ya kwenda mbele simama, uulize: kwa nini asidai kwa mkataba? Mwanafunzi aliyesoma kwa makini ataona kwamba aliyenunua ni rafiki. Hapo umuhimu wa kesi unajitokeza wenyewe, bila wewe kuuhubiri.

Kisha wape sehemu ya hukumu ya Lord Atkin kuhusu jirani: uchukue tahadhari inayostahili dhidi ya matendo yanayoweza kuonekana mapema kwamba yatamdhuru jirani, na jirani ni yule aliye karibu na kuguswa na tendo lako kiasi kwamba unapaswa kumfikiria unapolitenda. Waonyeshe pia kwamba majaji waligawanyika, 3 kwa 2, na uwape waliopinga nafasi yao. Darasa linalosikia upande ulioshinda tu huamini kwamba sheria ilikuwa wazi tangu mwanzo. Vilevile wakumbushe kwamba uwepo wa konokono haukuwahi kuthibitishwa. Majaji waliamua tu kama dai hilo, likiwa kweli, lingetosha kisheria.

Tahadhari kuhusu Caparo dhidi ya Dickman (1990). Wanafunzi huikariri kama fomula ya hatua tatu za kupima kama wajibu upo (madhara kuonekana mapema, ukaribu wa wahusika, na kama ni haki kuweka wajibu) na kuipachika kila mahali. Mwaka 2018, katika Robinson dhidi ya mkuu wa polisi wa West Yorkshire, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilieleza kwamba pale ambapo wajibu umekwisha kutambuliwa na kesi zilizotangulia, hakuna haja ya kuanza upya. Kwa fundi wetu na bisibisi yake, mstari mmoja wa wajibu unatosha.

Ukiukaji: wazuie wasihukumu kwa matokeo

Akili ya binadamu ikishajua kwamba mtu ameumia, huona hatari ilikuwa dhahiri. Kuwaonya wanafunzi kwa maneno hakusaidii sana, waonyeshe. Chukua Bolton dhidi ya Stone (1951), ugawe darasa mara mbili. Nusu wapewe karatasi inayoeleza uwanja wa kriketi pekee: uzio ambao ncha yake iko futi 17 juu ya usawa wa kiwanja, yadi 78 kutoka kwa mpigaji, na mpira uliotoka nje kama mara 6 katika miaka 30 hivi. Nusu nyingine wapewe hayohayo, pamoja na sentensi moja kwamba mwanamke aliyesimama barabarani alipigwa na mpira. Kila mmoja aandike peke yake, bila majadiliano, kama klabu ilizembea. Linganisha kura ubaoni, kisha ndipo uwaambie kwamba klabu ilishinda.

Baada ya zoezi hilo weka vipimo vinne, kila kimoja na kesi yake. Uwezekano wa hatari: Bolton. Ukubwa wa jeraha: Paris dhidi ya halmashauri ya Stepney (1951), mfanyakazi wa gereji mwenye jicho moja ambaye hakupewa miwani ya kujikinga. Gharama ya tahadhari: Latimer dhidi ya AEC (1953), kiwanda kilichofurika maji, kikamwaga unga wa mbao sakafuni mpaka ukaisha, na hakikulazimika kufungwa. Manufaa ya kazi yenyewe: Watt dhidi ya halmashauri ya Hertfordshire (1954), mzimamoto aliyeumizwa na jeki nzito wakikimbia kumwokoa mtu aliyebanwa. Wajaze jedwali la safu nne kwa mkasa wa fundi. Watagundua kwamba kuweka bisibisi mfukoni hakugharimu kitu.

Nettleship dhidi ya Weston (1971) huzua mabishano mazuri: dereva anayejifunza alipimwa kwa kiwango cha dereva mwenye uzoefu. Wengi hupinga. Waache wapinge kwa dakika kumi, halafu waulize hasara ingebebwa na nani kama kiwango kingeshuka, na bima inaingia wapi.

Chanzo cha hasara: hapa ndipo wengi wanapopotea

Mwanafunzi akishathibitisha uzembe huona kazi imekwisha. Dawa yake ni Barnett dhidi ya hospitali ya Chelsea na Kensington (1969). Walinzi watatu wa usiku walikunywa chai, wakaanza kutapika mfululizo, wakaenda hospitali. Daktari wa zamu hakuwapima. Alituma ujumbe kwa simu kupitia muuguzi kwamba waende nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja alifariki saa chache baadaye kwa sumu ya aseniki.

Simulia mpaka hapo, kisha piga kura. Karibu wote watasema hospitali ilipe. Sasa ongeza ushahidi wa kitabibu: hata kama angelazwa mara moja, dawa isingeweza kumfikia kwa wakati. Jaji alikubali kwamba kulikuwa na uzembe, na dai likashindwa. Andika swali ubaoni na uliache hapo wiki mbili zote: bila uzembe huo, mdai angeumia vilevile? Likijibiwa ndiyo, dai limekwama.

Kosa la kawaida hapa ni kuondoa tukio zima badala ya uzembe peke yake. Mwanafunzi anasema "kama fundi asingekuwepo, mhasibu asingeumia". Hilo ni kweli, lakini halisaidii. Anatakiwa kumwacha fundi pale pale, ngazi pale pale, na kuondoa tu bisibisi iliyoachwa juu. Wafanyishe hivi kwa maandishi mara tano au sita kwa mikasa tofauti, kwa kuwa kwa mdomo kosa hili halionekani.

Fairchild (2002), kuhusu wafanyakazi waliovuta vumbi la asbestosi kwa waajiri mbalimbali na haikuweza kujulikana ni vumbi la nani lililoleta saratani, iwekwe mwisho wa wiki ya 6. Ni kesi inayogusa moyo, na ndiyo maana ni hatari kuileta mapema: wanafunzi huanza kulegeza kanuni kila wanapomwonea mdai huruma.

Hasara iliyo mbali mno

Wagon Mound ya kwanza (1961) ndiyo msingi: mafuta yalimwagika kutoka melini katika bandari ya Sydney, yakashika moto kutokana na kazi ya kuchomelea vyuma, gati likaungua. Wadaiwa hawakuwajibika kwa moto kwa kuwa, kwa ushahidi uliokuwepo, hawangeweza kuuona mapema. Sheria inadai aina ya hasara ionekane mapema, si ukubwa wake.

Kisha unganisha na Smith dhidi ya Leech Brain (1962). Mfanyakazi aliungua mdomo kwa tone la chuma kilichoyeyuka, na kwa hali aliyokuwa nayo mwilini, jeraha likageuka saratani iliyomuua. Mjane wake alishinda, kwa sababu kuungua kulionekana mapema. Wanafunzi huchanganya kesi hii na Paris, kwa kuwa zote zina mtu mwenye udhaifu. Tofauti iwekwe wazi: udhaifu ambao mdaiwa aliujua unapandisha kiwango cha tahadhari, nao hujadiliwa kwenye ukiukaji. Udhaifu ambao hakuujua haumwongezei tahadhari, ila akishakiuka wajibu analipa hasara yote. Rudi kwa mhasibu mwenye jicho moja, waulize fundi alijua au hakujua, na hoja iende katika hatua ipi.

Kwa uzembe wa mdai mwenyewe, wape hesabu halisi. Katika Froom dhidi ya Butcher (1976) mahakama iliweka punguzo la 25% kwa asiyefunga mkanda kama mkanda ungezuia jeraha lote, na 15% kama ungelipunguza sana. Hasara ya 80,000 ikipunguzwa 25%, mdai anapata 60,000. Kagua pia sheria ya nchi yako: Uingereza ilihitaji sheria ya Bunge ya 1945 ili mdai aliyechangia asipoteze kila kitu.

Kusahihisha

Kwa swali la mkasa lenye alama 20, toa 3 kwa kutambua hoja, 5 kwa kanuni, 10 kwa kuitumia, 2 kwa hitimisho. Wape mgawanyo huo kabla ya mtihani. Mhadhiri anayetoa alama 12 kwa kanuni atasomewa daftari lake mwenyewe.

Unaposahihisha, tafuta neno "kwa sababu" katika kila hitimisho, kisha angalia kinachofuata. Kikifuata jina la kesi pekee, hakuna alama ya matumizi. Kikifuata jambo kutoka kwenye mkasa, kwa mfano bisibisi iliachwa kwenye korido wanayopita watu, alama ipo. Rudisha karatasi ndani ya wiki moja, na usimtake mwanafunzi aandike upya jibu zima. Aandike upya aya ya chanzo cha hasara peke yake, isiyozidi maneno 150, ailete kwenye semina inayofuata.