Barua ya taarifa kabla ya maandamano ya amani Dodoma

Kabla ya mabango, andikeni barua. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, inamtaka mwandaaji awasilishe taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi mwenye dhamana ya eneo husika si chini ya saa 48 kabla, akitaja mahali, muda na madhumuni. Msiiandike kama ombi la hisani, kwani Ibara ya 20 ya Katiba ya 1977 inatambua uhuru wa kukusanyika kwa amani. Pelekeni nakala mbili, na yenu irudi ikiwa na mhuri, tarehe na saa ya kupokelewa. Mkizuiwa, takeni sababu kwa maandishi, maana rufaa hupelekwa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kila mshiriki aandike namba ya wakili kwenye karatasi, kwa kuwa simu huweza kuchukuliwa.