Kabla ya Kuweka Nukta za Vituo vya Maji kwenye Ramani ya Kidijitali

Kuongeza nukta kwenye ramani kwa kutumia programu kama QGIS ni kazi ya kubofya tu, na pengine ndiyo sababu wengi huianza bila maandalizi. Kasoro zinazojitokeza baadaye, kama kisima kuonekana baharini au gati moja (kituo cha umma cha kuchotea maji ya bomba) kuhesabiwa mara mbili, mara nyingi hutokana na mambo ambayo hayakuamuliwa kabla faili halijafunguliwa. Maelezo yafuatayo yanachukua mfano wa vituo vya kuchotea maji vijijini Tanzania, kwa kuwa hapo ndipo karibu matatizo yote ya kazi hii hukutana.

Kwanza iamuliwe nukta moja inawakilisha nini. Gati lenye mabomba manne linaweza kuhesabiwa kuwa kituo kimoja au vinne, na mradi wa maji ya bomba una chanzo, tangi na magati, ambavyo vikiwekwa pamoja bila safu ya jedwali ya kuvitofautisha, idadi ya vituo itakayopatikana haitamsaidia yeyote anayetaka kujua wananchi wanachota wapi. Vilevile ijulikane mpimaji atasimama wapi: kwa kisima ni kwenye pampu yenyewe, lakini kwa shule yenye tangi lake lazima ielezwe kama ni langoni au kwenye tangi. Bwawa kubwa halifai kuwa nukta hata kidogo. Hilo lichorwe kama eneo. Maamuzi haya yaandikwe, na kila anayekwenda uwandani apewe nakala.

Suala la kodineti, yaani namba zinazoonyesha mahali, ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Katikati ya Dar es Salaam ni takriban latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Programu huuliza X na Y, ambapo X ni longitudo, ilhali watu na vifaa vingi hutaja latitudo kwanza. Namba hizo zikibadilishana nafasi, nukta hutua Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Alama ya kutoa ikisahaulika, hutua kusini mwa Ethiopia. Na safu tupu ikisomwa kama sifuri, nukta huangukia Ghuba ya Guinea. Makosa ya namna hii ni afadhali, maana yanaonekana papo hapo. Yanayoumiza ni yale yanayoisogeza nukta kidogo. Nyuzi moja ina dakika 60, hivyo nyuzi 6 na dakika 48 ni 6.8, si 6.48, na anayeandika 6.48 amekihamisha kituo takriban kilomita 35, umbali unaotosha kukipeleka wilaya nyingine.

Kosa lililojificha zaidi ni la mfumo wa marejeo, yaani msingi ambao kodineti hupimwa kutoka kwake. Ramani nyingi za zamani za karatasi za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simujanja na vifaa vya GPS hutoa kodineti za WGS 84. Kodineti iliyosomwa kwenye ramani ya karatasi ikiingizwa kana kwamba ni ya WGS 84, nukta husogea karibu mita 300. Hubaki kijiji kilekile, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, ila Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kaya isiwe zaidi ya mita 400 kutoka kituo cha maji, na kosa la mita 300 linatosha kuivuruga hesabu hiyo yote. Kwa hiyo chanzo cha kila kodineti kijulikane kabla, na faili za Arc 1960 zigeuzwe kwanza ndipo ziunganishwe na nyingine.

Hesabu ya mita 400 inahitaji pia mfumo unaopima kwa mita, si kwa nyuzi. Kwa kawaida hutumika UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita, na hapo kanda ni lazima ichaguliwe kwa makini: Dar es Salaam, Morogoro na Arusha ziko kanda ya 37, mji wa Dodoma uko kanda ya 36, lakini Kongwa na Mpwapwa, zilizo katika mkoa huohuo wa Dodoma, ziko kanda ya 37, Kigoma mjini ni kanda ya 35. Kwa maoni yangu ni salama zaidi kuhifadhi nukta zote kwa WGS 84, ambayo msimbo wake kwenye programu ni EPSG:4326, na kugeuza kwenda UTM wakati wa kupima tu.

Simu iliyo mahali pa wazi huweza kukosea kwa takriban mita 5, na chini ya miti minene au paa la bati hukosea zaidi, hivyo mpimaji asubiri usomaji utulie kabla ya kuuhifadhi. Desimali tano zinatosha, kwani ya tano ni sawa na mita moja hivi. Atakayekata na kubakiza mbili amejiruhusu kosa la mamia ya mita.

Safu za jedwali zipangwe kabla ya nukta ya kwanza. Kila kituo kiwe na namba yake ya pekee, nayo ihifadhiwe kama maandishi, la sivyo 007 itageuka kuwa 7. Hali ya kituo ichaguliwe kutoka orodha iliyopangwa, kwa sababu kila mtu akiandika kwa maneno yake utapata "kibovu", "kimekufa" na "hakitoi maji", na programu itavihesabu kuwa vitu vitatu. Tarehe ya kutembelea isikosekane. Shapefile, aina ya faili la ramani inayotumika sana, hukubali majina ya safu yasiyozidi herufi 10, hivyo "hali_ya_kituo" hubaki "hali_ya_ki". Tena ni mkusanyiko wa faili kadhaa, na anayetuma lile la .shp peke yake kwa WhatsApp hajatuma kitu cha kutumika. GeoPackage, aina nyingine ya faili la ramani, ni faili moja na haina vikwazo hivyo. Tabaka la muda, yaani lile lisilohifadhiwa kwenye faili, litumike kwa majaribio tu, maana hupotea programu inapofungwa.

Majina na namba za simu za wasimamizi wa magati zisiwekwe kwenye ramani ya wazi bila ridhaa yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika. Nukta zinazokusudiwa kwenda OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, zisinakiliwe kutoka Google Maps, kwa kuwa leseni ya Google hairuhusu.

Baada ya hapo, iwekwe nukta moja ya majaribio mahali panapotambulika kwenye picha ya setilaiti, kwa mfano ofisi ya kijiji. Ikitofautiana na picha kwa mita chache isiburutwe haraka, kwa sababu picha yenyewe huweza kuwa imesogea. Ikitofautiana kwa mita 300, faili irudishwe kwa aliyeitoa aulizwe kodineti alizisoma wapi.